Utepe Ulionipeleka kwa Mama Mkwe

Leo nimeaibika mpaka kuku wamenionea huruma.

Mimi ni fundi wa nguo hapa Matisi, Kitale. Mke wangu Nanjala ni wa Malakisi, kule Bungoma, na kwao mkwe wa kiume na mama mkwe hawakutani uso kwa uso. Akiingia mlango wa mbele, wewe toka wa nyuma. Sisi ambao wazee wetu walitoka Murang'a hatuna hayo, na siku ya mahari mjomba wake alinitazama akasema, "Hii kijana haitaweza heshima yetu." Iliniuma sana. Niliapa kumwonyesha.

Leo mama mkwe alikuwa anakuja kwetu mara ya kwanza. Nilikuwa nimemshonea blanketi la viraka, zuri ajabu (najisifu, nani mwingine atanisifu leo?). Ulibaki utepe wa kuzungushia ukingoni tu, nami nilitaka utoke mmoja, usiokatika.

Unakata kitambaa cha mraba kona kwa kona, unashona vile vipande upya vikae mshazari, unachora mistari. Halafu unaunganisha kingo kiwe kama mkono wa shati, ila ukingo mmoja unausogeza kwa mstari mmoja. Ukianza kukata, unazunguka tu na utepe unatoka mrefu, mrefu, mrefu. Raha tupu! Mwanzo wake niliufunga kwenye mguu wa cherehani usijisokote.

Simu ikalia. Ni Nanjala, aliyekwenda kumpokea mama yake.

"Tumefika Kiminini. Si utoke kwa nyumba sasa?"

"Natoka, bana."

(Sikutoka.) Nilisema nimalizie mizunguko michache, nikanogewa, nikasahau. Mkasi ulipofika mwisho tu nikasikia mlangoni, "Hodi hapa!"

Sauti ya mama! Nanjala alikuwa amebaki dukani kununua sukari. Nikatupa mkasi, nikachomoka kwa mlango wa nyuma, nikajibanza kwenye banda la kuku. Nilijisikia shujaa kweli. Mjomba angeniona!

Kisha kitu kikanivuta tumboni.

Kumbe wakati wa kuunganisha zile kingo, mwisho kabisa nilishona na pindo la shati langu (kitambi kilinizuia kuona). Utepe ulikuwa umetoka kwenye cherehani, ukapita jikoni, ukavuka uwanja, ukaingia bandani nami. Nikachungulia tunduni. Mama mkwe wangu, mtu nadhifu asiyependa kitu kitambae chini, alikuwa ameufungua kwenye cherehani na anauzungusha mkononi polepole, akiimba wimbo wa kanisani, akiufuata.

Jamani! Nikiukata, nimeharibu zawadi yake. Nisipoukata, ananifikia. Nikajaribu kufumua kwa meno. Nikavuta. Naye akavuta.

"Ai! Hii kamba imeshika wapi?"

Ikabaki njia moja. Nikafungua vifungo haraka haraka nikavua shati, niliache hapo nijifiche nyuma ya viota. Kabla sijalishusha, mama akavuta kwa nguvu zote, na shati likaruka mlangoni mbele ya macho yangu. Mimi hapo, kifua wazi, jogoo ananitazama.

Wimbo ulikoma. Niliona miguu yake ikigeuka taratibu, akanipa mgongo. Hatuwezi kuongea moja kwa moja, na hapakuwa na mtu wa kutupelekea maneno. Basi akamchagua kuku mweupe aliyekuwa nje akidonoa.

"Wewe kuku, ambia mkwe wangu nimeona utepe na ni mzuri sana. Ambia yeye mtu sijaona."

Akachomoa pini kwenye kitambaa chake cha kichwani, akafumua zile nyuzi moja moja bila kukata utepe hata kidogo, kisha akalirusha shati nyuma bila kugeuka. Likaniangukia kichwani.

"Na ambia yeye nitaenda kuambia ndugu yangu, ati huyu kijana aliona heri abaki bila shati kuliko aangalie mimi. Hiyo ndiyo heshima."

Nikatamani kulia. Kisha nikamwona mabega yakitikisika. Alicheka, jamani, alicheka mpaka akashika ukuta wa banda!

Sasa niko kwa jirani, Nanjala ameniletea blanketi na utepe, namalizia kushona ukingo, shati nimelichomekea. Naomba msicheke. Kuku waliona kila kitu na wamenyamaza.