Rilei Yangu ya Ampea Kumi

Jumatatu, 3 Machi
Shajara, nitakuambia yote, hata ya aibu. Shule itapeleka mradi mmoja tu kwenye maonyesho ya sayansi. Wangu au wa Kiranja wa darasa, yule mjuaji. Wangu: pampu inayojizima tangi likijaa. Swichi yake ni rilei, kidude cheusi kinachokata umeme chenyewe. Kimeandikwa ampea 10. Pampu inakula 4. Hesabu ya darasa la pili!

Jumanne, 4 Machi
Mjomba, fundi wa mota, kaniharibia siku. Eti kumi ni ya pasi na hita. Eti mota ikianza huvuta mara sita, ikizimwa hutoa cheche, na ncha za rilei huungua hadi zikashikana. Akataka niweke kontakta, swichi ya kazi nzito, au angalau kapasita na rezista kwenye ncha zimeze cheche. Nisome maandishi madogo. Nikamwambia nimeshasoma. Sijasoma. Nimebandika jina langu juu ya rilei, wino mwekundu. Limependeza.

Alhamisi, 6 Machi
Mwalimu alikuja nyumbani kukagua. Tangi likajaa. Pampu ikaendelea! Nikaigonga rilei kwa mwiko. Wapi! Maji yakateremka ukutani mpaka chumbani kwa Bibi, godoro likalowa, naye yuko juu yake. Mjomba akachomoa waya, wala hakuharakisha. Kiranja (nani alimwalika?) akasema kwa upole, "Hongera, dada. Umetengeneza mvua." Mwalimu akacheka. Mwalimu!

Ijumaa, 7 Machi
Nina hasira hadi kalamu inatoboa karatasi. Mjomba kabandua jina langu. Chini yake: hita ampea 10, mota ampea 2. Nimeyafunika mwenyewe! Rilei ya Kiranja ni ya aina hiyo hiyo, lakini inawasha balbu moja tu. Mwoga. Mwalimu kanipa hadi kesho kutwa jioni. Bibi analala kitandani kwangu. Mimi sakafuni.

Jumapili, 9 Machi
Nimepata rilei ya ampea 30! Ina maandishi madogo, ila safari hii nimebandika jina na ukoo juu yake, nafasi ikaisha. Mjomba nimempitishia barua chini ya mlango wa karakana:
"Shikamoo Mjomba. Thelathini inatosha, kapasita sihitaji. Mwalimu anafika saa kumi. Godoro limekauka na Bibi anataka kurudi chumbani kwake. Naomba jibu sasa hivi: nimruhusu, au asubiri kwanza nijaribu?"