Batteur Aliyekufa kwa Prise Tatu

Jumatatu, tarehe 2 mwezi wa tatu

Habari kubwa! Bernadette, mwenye kuchunga bibliothèque, maktaba ya parokia hapa kwetu Shari, ametangaza: Jumapili, nyuma ya misa, kila mwenye kupenda atasimama aelezee kitabu alichosoma. Baba yake, muzee Gustave, ataketi mbele. Annie wa mikate ameninong'oneza maana yake. Bernadette hataki kuolewa na mwanaume asiyemaliza hata kitabu kimoja. Atasikiliza, kisha atachagua.

Miaka miwili namupenda! Ndiyo maana kibanda changu cha kuchaji simu kinaangaliana na mulango wake.

Shida ni moja, tena ndogo. Sijamaliza kitabu tangu nizaliwe. Hata katekisimu niliachia amri ya sita.

Na kuko Paluku, muuza vipuri vya pikipiki. Anavaa miwani. Watu wakiona miwani wanasema akili iko. Pumbavu!

Nimeenda kuomba kitabu kinene kushinda vyote. Bernadette amenipa cha Kifaransa, kilichoachwa na padri wa Kanada. Jalada hakina, picha watoto walishakata zote. Ni sifa za mashujaa wa base-ball, wale wa kwanza kabisa. Akauliza kama najua base-ball. Nikajibu kwamba base-ball ndiyo iliyonilea.

Base-ball ni nini?

Jumanne, tarehe 3

Nimepata! Mayele, akili hii, haiuzwe sokoni. Base: ni pale député, mubunge wetu, anashuka kusalimia watu waliomupigia kura. Bal: dansi. Basi base-ball ni dansi ya kwa base. Na ukurasa wa kwanza unamutaja nani? Batteur! Mupiga ngoma wa orchestre! Kila kitu kinaingia fasi yake.

Lakini wazungu hawa, jamani! Wanamusifu batteur mumoja kwamba siku ile alipiga mara tatu, watu elfu kumi wakasimama. Mara tatu tu? Kwetu, batteur akipiga mara tatu kwa harusi, wanamufukuza bila chakula.

Jumatano, tarehe 4

Nimelia. Batteur mukubwa, kipenzi cha watu. Wanaandika: prise tatu, kisha akafa. Mimi kazi yangu ni prise, matundu ya umeme ya kuchajia simu, niko nazo zimejaa ubao muzima. Moja tu, mukono ukiwa na maji, inakusalimisha na mababu. Yeye, tatu! Nageuza ukurasa: mwingine, prise tatu, amekufa. Na mwingine! Courant ya umeme ilimaliza orchestre nzima, na hakuna aliyewaza kuzima!

Sikuweza kuendelea. Nimeruka mpaka ukurasa wa mwisho. Shujaa anafika kwenye marbre, wenzake wanamubeba kwa mabega, watu wanaimba. Marbre, jiwe la kaburi, ni wazi. Mbona wanafurahi? Labda alikuwa mukali kwa mazoezi. Basi, kitabu nimekimaliza. Mwanzo nimesoma, mwisho nimesoma. Katikati ni katikati tu.

Paluku yeye amechukua kitabu kidogo cha nyuki. Na anakisoma kweli! Anageuza kurasa mbele ya watu bila haya!

Dawa yake nimeipata. Nimeenda kumuazima miwani, nimesema yangu iko kwa fundi. Bila miwani Paluku haoni hata A. Amenipa kwa moyo wote. Haya, atasoma na nini mpaka Jumapili? Na pua?

Alhamisi, tarehe 5

Nimevaa miwani ya Paluku mbele ya bibliothèque. Dunia yote ukungu. Nimemusalimia Bernadette kwa heshima, nimemusifu nguo yake. Ilikuwa pazia.

Hiyo si kitu. Jioni Bernadette amemuonea Paluku huruma, eti maskini haoni. Ameketi naye kwenye benchi, anamusomea. Kwa sauti! Malkia wa nyuki, namna anavyochagua bwana wake! Nimevua miwani nione vizuri. Heri ningeiacha kwenye uso.

Ijumaa, tarehe 6

Asubuhi nimekimbia kumurudishia Paluku miwani. Ameikataa! Amesema nikae nayo, hakuna haraka kati ya ndugu, hata mwezi muzima. Nimemubembeleza. Nimeitupa juu ya meza yake, akanifuata nayo barabarani.

Jioni, benchi tena. Wamefika kwa asali.

Jumapili, tarehe 8

Salle ya parokia imejaa. Paluku ameelezea nyuki, maneno machache, safi. Wamemupigia mikono. Hewa tupu!

Zamu yangu. Nimepanda na ngoma ya chorale ya kanisa na rallonge yangu, waya murefu wa prise. Nimeelezea dansi ya kwa base. Nimepiga ngoma mara tatu tu. Kisha nikainua rallonge juu, nikaomba wote wasimame kwa ajili ya mabatteur waliouawa na courant. Wakasimama! Mama Léontine wa chorale akaanzisha wimbo wa maziko. Muzee Gustave akavua kofia. Eh Mungu wangu, furaha niliyosikia! Bernadette amelala juu ya meza, mabega yanatetemeka. Nikasema moyoni: analia, ni wangu.

Kumbe anacheka.

Akasimama akieleza, machozi yanamutiririka. Base-ball ni muchezo wa mupira. Batteur anapiga mupira na fimbo. Prise ni kuukosa. Kufa ni kwenda kuketi kwa benchi. Na marbre ni fasi ya kukanyaga ili upate point. Salle yote ikaanguka kwa kicheko. Muzee Gustave akavaa kofia yake. Mama Léontine alimaliza ubeti kwanza, kisha akacheka kushinda wote.

Jumamosi Paluku atakwenda na wazee wake kwa muzee Gustave kumuposa Bernadette. Nimeumia. Naandika wazi: nimeumia, hata sombe, majani ya muhogo ninayopenda, siigusi.

Bernadette alinifuata nje. Aliniambia polepole kwamba kama ningesema tu sijui base-ball, angenisomea na miye. Akaongeza kwamba kitabu changu ni kinene kushinda cha nyuki. Tungefika Pasaka tungali kwenye benchi.

Jumatano, tarehe 11

Nimewaza maneno ya Bernadette siku tatu. Yamenifungua macho. Kosa langu nimeliona: nilidanganya juu ya kitu kilichoandikwa. Kitu kilichoandikwa, mutu yeyote anakifungua na kuangalia. Kuanzia leo, maneno ya mudomo tu.

Na leo leo Chancelle, mushonaji mupya aliyetoka Butembo, ameleta simu yake kuchaji. Meno yale! Akauliza kama nasikia Kinande. Nimesema ndiyo lugha ninayootea ndoto. Amefurahi mpaka akanishika mukono. Mama yake anafika kesho kutoka kijijini, hasikii lugha ingine hata moja, na ni mimi nitamutembeza muji muzima.

Ninajua maneno mawili. La kwanza ni salamu. La pili nilimuuliza Paluku maana yake, kwani Kinande ni lugha ya kwao, naye akacheka mpaka akaketi chini, akakataa kabisa kunielezea. Inaonekana ni neno la furaha. Mama yake nitamupokea na hilo.