Swap Niliyoiweka Ukweni

Jamani, leo nimevuliwa nguo ukweni, na suruali nilikuwa nimeivaa.

Mnajua kazi yangu: napima malori ya shaba kwenye mizani, nje kidogo ya Kolwezi. Lakini ukweni, kule Dilala, naitwa Injenia. (Jina nilijipa mwenyewe.) Mwaka jana niliwawekea Linux kwenye kompyuta yao ya sebuleni. Hakuna aliyeniomba.

Sasa leo shemeji yangu Mireille, mdogo wa mke wangu, alitakiwa kukabidhi TFC, ile kazi ya kumaliza masomo chuoni. Mwisho saa tisa alasiri. Akichelewa, anarudia mwaka mzima. Na kila akiifungua, pamoja na picha zake zote za mashimo ya wachimbaji wa Kasulo, kompyuta inaganda. Nikaitwa saa nne. Nikaja na miwani (macho yangu hayana tatizo lolote).

Nikatazama, nikacheka kwa dharau. Kumbukumbu ya kompyuta ilikuwa ndogo na swap haikuwepo, yaani ile sehemu ya diski inayopokea mzigo kumbukumbu ikijaa. Nikamwambia Mireille hiyo ni kazi ya dakika tano, na aliyeisahau ni mjinga. (Aliyeisahau ni mimi.)

Mama mkwe alikuwa nyuma ya pazia la korido. Kwao mama hazungumzi na mume wa binti yake moja kwa moja, ni heshima. Maneno yake hupitia kwa watoto. Mireille akaniletea swali: mama anauliza kama flashi haitolewi kwanza. Flashi ya Mireille, yenye TFC ndani, ilikuwa bado imechomekwa.

"Ambia mama ii ni mambo ya teknike," nikajibu, kwa sauti ya kufika korido.

Nikafungua orodha ya diski, nikachagua nafasi moja ya giga nane. Kompyuta ikakataa, ikasema nafasi hiyo inatumika. Nikailazimisha iiachie. Ikanionya kwamba kilichomo kitafutika. Mimi maonyo huwa siyasomi, yamewekwa kwa ajili ya wanafunzi. Nikabonyeza. Swap ikakubali, safi kabisa! Nikasimama, nikatoa hotuba fupi ya kama dakika kumi.

Mireille akakaa kufungua kazi yake.

"Shemeji, flashi haionekane. TFC iko wapi?"

Nikaangalia tena ile orodha. Swap yangu nzuri ilikuwa imelala kwenye flashi yake. TFC nzima nilikuwa nimeifuta kwa mkono wangu. Jasho likanitoka mpaka kwenye soksi. Ilikuwa saa sita na nusu. Ningeweza kukiri. Badala yake nikaichomoa ile flashi, nikaitazama kama daktari, nikasema ni virusi, hizi flashi za sokoni ndivyo zilivyo.

Kisha pazia likasogea. Kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake, mama mkwe akasema na mimi mwenyewe:

"Tata, wachana na ile mashini. TFC iko mu telefone ya mutoto. Mi njo nilimwambiaka ajitumie kopi mbele ufike."

Kabla sijafika! Yaani nilianza kuogopwa nikiwa bado nyumbani kwangu natafuta miwani.

Mireille hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alichukua simu yake, akaita pikipiki, akaenda mjini kuchapisha. Mimi nikabaki na mama mkwe, kila mtu akitazama sakafu yake.

Saa tisa kasorobo akatuma picha kwenye grupu ya familia. TFC imepokelewa. Nimefurahi, nasema kweli. Ametuma na ukurasa wa shukrani, alioupanga upya palepale walipomchapishia. Anamshukuru Mungu. Anamshukuru mama yake kwa busara. Anamshukuru mwalimu wake. Nimeusoma mara tatu nikitafuta jina langu.

Dereva wa pikipiki yumo.