Ombi la Kuondoa Wauzaji katika Maduka ya Vitambaa

Anyitike Mwaipasi,
Kidato cha Tatu,
Soweto, Mbeya.
Juni, katikati ya baridi.

Ndugu Zabron,
Mwenyekiti, Umoja wa Wauza Vitambaa,
Mwanjelwa, Mbeya.

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: MAOMBI YA MADUKA YASIYO NA WATU NDANI

Shikamoo. Naomba uipokee hapa hapa kwenye karatasi, kwa sababu tungekutana ana kwa ana nisingefika mbali zaidi ya neno hilo.

Bibi yangu mzaa mama anaitwa Severina na anaishi Nyololo, Mufindi, ambako mwezi huu majani huamka meupe kwa baridi. Kila jioni anasogea karibu na moto kiasi kwamba khanga yake moja imeungua pindo. Niliamua kumshonea blanketi la viraka, yaani vipande vidogo vya vitambaa vinavyounganishwa mpaka vinakuwa shuka moja, kisha linatiwa pamba katikati. Nataka kwenda nalo shule ikifungwa. Kushona najua kidogo, na sehemu iliyobaki naisoma katika kitabu nilichoazima maktaba. Ukurasa wa kwanza unasema, "Chagua rangi zako kwa utulivu." Mwandishi wake ni dhahiri hajafika Mwanjelwa.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Maduka yenu yana watu ndani. Siwezi kugusa kitambaa cha Mama Eveline kabla sijamwamkia. Nikishamwamkia ataniuliza kama mama hajambo, kama baba amerudi safari, kama tumeshafanya mitihani, na mbona nimekonda. Hapo jirani yake atasema, "Na sisi huku hutuoni?" Basi naye namwamkia. Nikifika duka la mwisho nimeshasahau kama nilitoka nyumbani kutafuta bluu au zambarau.

2. Nikishampa mtu mzima shikamoo, naye akaitikia marahaba kwa moyo wote, nitatokaje dukani mwake mikono mitupu? Si itaonekana nilimwamkia kwa kujaribu? Kwa hiyo kila duka nililokosa kitambaa nilinunua zipu, kwa kuwa zipu ndiyo kitu kidogo kuliko vyote. Sasa nina zipu za kila rangi, na hakuna blanketi duniani linalohitaji zipu. Nimelazimika kubadilisha mchoro. Mpaka sasa blanketi la bibi linafunguka kwenye magoti na kwenye bega la kushoto.

3. Wauzaji huuliza kitambaa ni cha nini. Mama Eveline aliponiuliza nilimjibu kwa sauti ya chini kabisa niliyonayo, naye akalirudia jibu langu kwa sauti ya juu kabisa aliyonayo: "Jamani, njooni! Mtoto wa kiume huyu anamshonea bibi yake blanketi!"

Wakaja. Lugano, kijana anayeuza nyuzi na zipu upande wa pili, akasema, "Dogo, bibi gani huyo? Si useme tu yuko Kidato cha Pili?"

"Lugano, nyamaza," Mama Eveline akamwambia. "Wewe hata kifungo hujawahi kumshonea mama yako."

"Mama yangu anavaa fulana."

Wakati wanabishana, mama mwingine alinizungushia kitenge mabegani akasema, "Simama wima, baba, tuone kinavyoanguka." Nikasimama wima. Mteja akapita, akakipenda, akakinunua. Wakanivisha kingine, nacho kikanunuliwa. Mwishowe mwanamke mmoja alinishika kidevu, akanigeuza upande wa mwanga, akamwuliza Mama Eveline kama nina rangi nyingine. Sikusema kitu, kwa sababu nilikuwa sijamwamkia. Nilitoka pale jioni nikiwa sijanunua hata kiraka kimoja, na Lugano alinipa zipu ya kunipongeza.

4. Wauzaji wenu huchoma bidhaa. Nimemwona Mama Eveline kwa macho yangu akichomoa uzi kwenye kitambaa kipya na kuuwasha kwa kiberiti. "Nusa," akaniambia. Nikanusa. "Umesikia? Kama karatasi inaungua. Hii pamba." Mimi nilikuwa nimeomba kuona kitambaa. Sikuomba moto.

Kwa sababu hizo nilihamia kwenye simu ya mama.

5. Hili si lalamiko, ila nalipatia namba ili ulione. Ndugu Mwenyekiti, duka la kwenye simu ni mahali pa heshima. Halikuniuliza baba yuko wapi. Liliniita Mpendwa Mteja, kisha likanyamaza. Unaweka kitambaa kwenye kapu, unakiacha humo tangu Januari, na hakuna anayekununia. Unakikuza, unakipunguza, unakigeuza, na hakuna anayesema, "Unashika tu?"

Hata hivyo nimelelewa vizuri, na kabla ya kutafuta chochote niliandika shikamoo kwenye kile kisanduku cha kutafutia. Lilinijibu hivi: "Samahani, Mpendwa Mteja. Bidhaa hii imekwisha. Huenda ukapenda: shimizi." Sikulichukulia vibaya. Lilikuwa limejitahidi.

6. Nilichagua kitambaa chenye vifaranga wadogo wa manjano, kila mmoja kama punje ya harage. Chini ya picha waliandika "laini, chenye joto". Kikafika kwa basi. Nilipokitandaza kitandani niligundua kwamba udogo ule ulikuwa wa simu. Kwenye kitambaa chenyewe kuna kifaranga mmoja tu, na analingana na mbuzi.

Niliwaza kwamba nikimkata viraka atasahaulika. Nikamkata kama kitabu kinavyoelekeza. Kiraka kimoja kilipata jicho, kimoja kilipata mdomo, vingine vyote vikabaki manjano matupu. Nilijaribu kulificha jicho pembeni, lakini kila nilivyopanga liliishia katikati. Mdogo wangu Jackline ameomba ahamishiwe chumba kingine, kwa madai kwamba linafumba usiku.

Kisha nikakumbuka kiberiti. Nikachomoa uzi, nikauwasha. Haukunuka karatasi. Ulijikunja, ukayeyuka, ukawa tone jeusi, ukaganda kwenye meza ya mama na mpaka leo haujabanduka. Nimeeleza hapo juu jinsi bibi anavyokaa na moto. Siwezi kumfunika bibi yangu kitu kinachoyeyuka. Kwa hiyo shule inakaribia kufungwa, bibi anaota moto na khanga ileile, na mimi nina zipu na kifaranga.

Nililiandikia duka lile kueleza yote haya, kurasa kadhaa, pamoja na hali ya bibi. Lilijibu papo hapo: "Asante kwa maoni yako, Mpendwa Mteja. Waliopenda kifaranga walipenda pia: jogoo."

7. Nimefikiri kwa makini nani wa kulaumiwa. Simu haikunilazimisha. Nilikimbilia kwenye simu kwa sababu ya maswali. Maswali yanatoka kwa wauzaji. Wauzaji ni wanachama wa Umoja, na Umoja una Mwenyekiti. Ndugu Mwenyekiti, nasema kwa heshima zote kwamba kifaranga huyu ni wako. Nimemfunga kwenye mfuko na nitamleta wakati wowote utakaokufaa.

Baada ya maelezo hayo, naomba maduka ya Mwanjelwa yaendeshwe kama simu. Wauzaji wakae nyuma ya pazia, na kutoka nyuma ya pazia hilo waruhusiwe kusema "Mpendwa Mteja" na si zaidi. Mteja akitaka kujua bei aguse pazia mara moja. Akitaka kuondoka aondoke tu, na pazia lisiulize anakwenda wapi.

Kuhusu shikamoo, najua haiwezi kufutwa, wala sitaki ifutwe. Napendekeza mzee mmoja mstaafu, mwenye afya na subira, akae mlangoni mwa soko azipokee zote kwa niaba ya wauzaji. Akishaitikia ampige mteja muhuri mkononi. Mwenye muhuri atembee sokoni siku nzima akihesabika kuwa ameshamwamkia kila mtu, wakiwemo wale atakaowakuta wameinama. Wanaotoka Iringa, ambao salamu zao ni ndefu kuliko zetu, watengewe mzee wao na benchi.

Anayechoma uzi achomee nyumbani kwake. Lugano aingizwe ndani ya sanduku lenye tundu la kutolea zipu.

Na kama pazia litaonekana ni gharama, basi wauzaji wafumbe macho mteja anapoingia. Mimi nitajitolea kuwaeleza mmoja mmoja, kwa maandishi.

Nakushukuru kwa muda wako. Nisalimie familia yako, katibu wako, mweka hazina, walinzi wa soko, na mama anayeuza chai karibu na ofisi yako, ambaye nilimpita juzi bila kumwamkia kwa kuwa alikuwa na wateja, na tangu siku hiyo sijalala vizuri. Msalimie Mama Eveline pia. Usimwambie kwamba salamu zimetoka kwangu.

Wako mtiifu katika mambo yote isipokuwa haya,

Anyitike Mwaipasi

N.B. Barua hii imechelewa kukufikia. Niliileta mwenyewe ili niipenyeze chini ya mlango wa ofisi yako, nikiwa na kifaranga mfukoni kama kielelezo, na Mama Eveline akaniona. Akauliza nimebeba nini. Akamtandaza barabarani, kiraka kwa kiraka. Alicheka mpaka akakaa chini, na Lugano akaliita lile jicho "mwenyekiti", jambo ambalo nakuomba radhi kwa niaba yake. Kisha Mama Eveline akaniuliza, "Bibi mwenyewe anataka rangi gani?"

Sikujua.

"Hujamwuliza?"

Ndugu Mwenyekiti, mimi humpigia bibi kila Jumapili. Namwamkia, anaitikia, kisha tunasikilizana tukipumua mpaka salio linakatika. Mama Eveline alichukua simu ya mama mkononi mwangu, akapiga, akaweka sauti ya nje, akamsalimia "Kamwene!" kwa Kihehe kibovu sana, na bibi yangu akaongea. Anataka kijani. Hataki kitu kizito, mabega yanamuuma. Hataki maua, ameyachoka, maisha yake yote ameyapalilia. Aliuliza huyo mama mwenye sauti nzuri ni nani na mbona sijawahi kumtaja. Wakaongea tena. Lugano naye akamwamkia. Mafundi cherehani wa uchochoro mzima wakaanza kuleta mabaki ya kijani, na kila kipande kilichomwa uzi mbele yangu kabla hakijaingia kwenye mfuko.

Kwa hiyo naomba usitekeleze ombi langu kabla sijamaliza blanketi. Hata baada ya hapo, naomba usifanye haraka. Bado kuna mambo mengi sijamwuliza bibi, na sijui nitaanzaje kama Mama Eveline atakuwa nyuma ya pazia.