Nyota ya Kiti cha Dirishani

Jumatatu, 4 Machi
Shemeji, mume wa dada yangu na mwenye saluni hii, ametangaza kwamba biashara haibebi vinyozi wawili. Jumamosi anabaki mmoja. Dada naye kanionya nisifikirie kurudi kula kwake.

Mpinzani wangu tunamwita Taratibu. Kichwa kimoja anakinyoa mpaka chai inapoa. Mimi namaliza kabla mteja hajaketi vizuri! Lakini foleni iko kwake, na kiti changu kimekaliwa na paka. Ufundi hanishindi. Ana nyota tu. Nimechunguza na kugundua ilipo: kwenye kiti chake, kile cha dirishani.

Jumanne, 5 Machi
Nimewahi kufika, nikabadilisha viti. Nikasubiri umati. Wateja wakaingia, wakanisalimia kwa heshima, wakamfuata Taratibu kule kwenye kona yenye giza. Yeye akaniuliza kama mgongo unanisumbua. Mjanja huyo!

Alhamisi, 7 Machi
Si kiti. Ni mluzi! Huwa anapiga mluzi akinyoa. Leo nimebahatika kumpata mwalimu mmoja mwenye haraka. Nikapiga mluzi kwa moyo wote, hadi macho yakajifumba yenyewe. Mwalimu ameondoka na kofia yangu. Kasema nisiihesabu tena kuwa yangu.

Ijumaa, 8 Machi
Mbinu ya mwisho. Nimekaa mbele yake aninyoe, ili niichote nyota kwa karibu. Kapoteza muda mno. Kakigeuza kichwa changu huku na huku, kauliza kovu nililipata wapi, nalalia upande gani, marehemu baba alianza kupata upara wapi. Kisha akasikiliza majibu yangu yote. Hata mluzi aliacha.

Mwishoni akasema, "Kaka, una kichwa kizuri. Hakijawahi kuangaliwa tu."

Nikajifuta macho. Nikasingizia nywele zimeniingia machoni.

Jumamosi, 9 Machi
Nimekaa dirishani kungoja hukumu, roho mkononi. Mpita njia akasimama, akanikodolea macho, akaingia. Akaja mwingine. Kufika adhuhuri watu wamejaa hadi barabarani, wote wananinyooshea kidole mimi, wanataka kunyolewa vile vile! Taratibu ananyoa, jasho linamtiririka.

Shemeji akaja. Akaitazama foleni, akanitazama mimi, akafikiri sana. Akasema, "Mnabaki wote. Ila wewe kaa hapo hapo dirishani. Mashine usiiguse."

Nimeshinda! Mshahara ule ule, kazi ni kung'aa tu. Dada kaniletea chakula mwenyewe, na kijiko juu.

Namhurumia Taratibu. Atasimama kutwa nzima, hata pa kukaa hana. Ameomba kila Ijumaa aniguse kichwa kidogo, bila shaka anataka nyota yangu imwambukize. Sina roho mbaya, nimemruhusu.