Chai ya Wagonjwa

Jumatatu, 7 Septemba 1959
Siku mbaya. Daktari amekitazama kidole changu cha mguu, kile chenye kidonda kisichopona, akasema nina ugonjwa wa sukari. Nisitie sukari kwenye chai. Mkate mweupe niuache. Viazi nipunguze. Mtu wa Nakuru apunguze viazi!

Ijumaa nipeleke mkojo kwenye chupa. Watauchemsha na dawa ya buluu. Ikibaki buluu, narudi nyumbani. Ikigeuka nyekundu kama tofali, nalazwa papo hapo.

Na Jumamosi namwoza Nyakio, binti yangu wa pekee. Mimi ni fundi cherehani, suti nimejishonea mwenyewe, na mtaani kwetu Bondeni hakuna nyingine kama hiyo. Nikilazwa, atakayempeleka Nyakio madhabahuni ni ndugu yangu mdogo, Ngigi. Kifua chake ni sawa na changu. Suti itamkaa. Sikubali.

Jumanne, 8 Septemba
Wamuyu, mke wangu, amefungia sukari sandukuni na ufunguo ameuvaa shingoni. Chai ya leo ilikuwa ya matanga.

Nimewaza sana nikiwa kwenye cherehani. Daktari alisema nisitie sukari. Sawa, sitii. Lakini kwa watu chai hupikwa pamoja, maji, maziwa, majani na sukari, sufuria moja. Mgeni hatii kitu. Hupewa tu, na kukataa ni dharau.

Jioni nikaenda kumjulia hali Mama Wariara wa kanisani, anayeumwa mgongo. Vikombe vitatu. Kisha kwa jirani yetu Gachanja. Alikuwa na mafua kidogo tu, lakini mgonjwa ni mgonjwa.

Jumatano, 9 Septemba
Mchungaji amenisifu mbele ya watu kwa kuwatembelea wagonjwa. Ngigi akanuna. Wamuyu ameuliza huruma hii imetoka wapi. Nimemwambia imetoka kwa Mungu. Kidole kinauma.

Alhamisi, 10 Septemba
Hofu imenishika. Nikaitazama suti kwenye msumari, nikapata akili. Ngigi ni mzima, hajawahi kumeza hata kidonge. Nikamwendea, nikamwomba mkojo wake.

Alicheka mpaka akakaa chini. Akasema atanipa, ila nimshonee koti. Nimekubali. Muda wote alikuwa akinywa chai, kikombe baada ya kikombe, na bado analia kiu. Anasema ni vumbi la Nakuru, tena linamkondesha. Nikamwonea huruma kwa hilo vumbi.

Ijumaa, 11 Septemba
Nyekundu! Tofali lenyewe. Daktari akaagiza nivuliwe viatu.

Ngigi, aliyenisindikiza, akanituliza. Nisijali, suti ataitunza yeye. Hapo uvumilivu ukaniisha. Nikamwambia daktari ukweli wote, kwamba mkojo ule ni wa Ngigi na alazwe yeye. Nikaanza kutafuta viatu vyangu.

Daktari hakucheka. Akatupa kila mtu chupa yake na nesi akasimama mlangoni. Zote mbili zimetoka nyekundu. Ngigi yuko kitanda cha pili, ameugeukia ukuta.

Jumamosi, 12 Septemba
Kengele ya kanisa inasikika mpaka wodini. Nimelia, wala sioni haya kuandika.

Baada ya ibada Nyakio alikuja na gauni lake jeupe, Wamuyu nyuma yake. Wamuyu ndiye aliyempeleka madhabahuni. Suti iko kwenye msumari. Daktari akawaambia kwamba Ngigi angekaa nyumbani muda zaidi, tungemzika. Nyakio akatushika mikono akilia, akatuapisha kwamba hatutatia sukari kwenye chai maisha yetu yote. Tukaapa. Niliapa kwa moyo wangu wote.

Jumapili, 13 Septemba
Ngigi ameanza kunisemesha. Bado analitaka koti lake.

Mchana watu wa kanisa wamekuja. Mama Wariara, mgongo umepona, amebeba birika kubwa lililofungwa kwa shuka lisipoe. Amesema niliwakumbuka wao walipougua, sasa ni zamu yao. Nesi akauliza kama chai ina sukari. Nikamjibu kwamba sisi hatujatia. Ngigi akaitikia kwa kichwa, mara ya kwanza tunapatana tangu utotoni.

Kumkatalia mtu aliyetoka mbali na birika ni dharau. Vikombe vilikuwa viwili, kimoja kikubwa. Nimekichukua mimi, maana mkubwa ni mimi.