Nyumba Namba 31 Mliyonipa, na Jina Nisiloweza Kuwaandikia

Mugenzi Evariste,
Fundi Makochi,
Nyakabanda, Kigali.
Jumapili, 9 Machi 2025

Kwa Katibu,
Kamati ya Mashauriano ya Nchi Mbili kuhusu Bwawa la Umeme la Rwamiko.

Ndugu Katibu,

YAH: KUPEWA NYUMBA AMBAYO SIKUIOMBA, PAMOJA NA MAMA MKWE NDANI YAKE

Nakusalimu wewe, na kupitia kwako naisalimu nchi ya pili, maana nimeambiwa kila barua inayofika kwenu husomwa pande zote mbili za mto.

Mimi ni fundi makochi. Nilizaliwa ng'ambo, Karagwe, nikasoma huko hadi kidato cha nne, ndiyo maana Kiswahili hakinisumbui. Tangu turudi Rwanda naishi Nyakabanda, na kila jioni naandika kwenye daftari langu yaliyotokea siku hiyo, kwa hiyo ninayoyaeleza hapa sikuyabuni. Niseme mapema pia kwamba bwawa silipingi. Umeme ukikatika cherehani yangu inasimama, na mteja hakubali kukalia nusu kochi. Jengeni.

Tarehe 13 Februari niliacha kazi nikapanda basi kwenda Nyakagezi, kijiji alikozaliwa mke wangu, kwa sababu timu yenu ilikuwa inavuka mto kuja kuwauliza wanakijiji maoni yao. Timu ilizungumza Kiswahili, wanakijiji Kinyarwanda, na mkalimani wenu alikuwa mgonjwa wiki hiyo. Bwana Nduwayo wa nyumba namba 30 akakumbuka kwamba kijiji kina mkwe mjini anayejua Kiswahili. Ndivyo nilivyokuwa sauti ya Nyakagezi nzima. Chini ya turubai lenu nilitafsiri nyumba thelathini bila kukwama. Daftari langu la siku hiyo linasema: "Viti vizuri. Soda baridi. Maswali marefu. Nimesifiwa."

Nyumba ya thelathini na moja ilikuwa ya mama wa mke wangu, ambaye huku tunamwita Mabukwe. Alikuwa ameketi mbele yangu, mikono mapajani, ametulia kabisa. Karani wenu, Bwana Mhina, mtu mstaarabu kutoka Tanga, akaniuliza jina la mwenye nyumba. Nikanywa soda. Akarudia. Nikamwambia ni mama wa mke wangu. Akasema hilo amelielewa, ila anaitwa nani. Nikamwambia ni bibi yake Trinah, binti yangu. Akasema, "Kaka, foleni ni ndefu. Wewe mwenyewe unaitwa nani?" Hilo nilikuwa na ruhusa ya kulitaja, nikalitaja.

Juzi orodha yenu imebandikwa kijijini na Bwana Nduwayo amenitumia picha yake kwenye simu. Inasomeka hivi. Nyumba 31. Mwenye nyumba: Mugenzi Evariste. Makazi: Nyakabanda, Kigali. Athari za bwawa kwa mwenye nyumba: hakuna. Wengine waliokutwa: mgeni mmoja, mwanamke. Chini ya picha Bwana Nduwayo ameweka ujumbe wa sauti, na kicheko chake kirefu: "Mkwe wetu, kumbe ulikuja kutafsiri ukaondoka na nyumba."

Ndugu Katibu, mgeni huyo amelala chini ya paa hilo tangu alipoolewa. Majirani zake wote watajengewa nyumba mpya juu kilimani kabla maji hayajapanda. Yeye, kwa kuwa ni mgeni, anatarajiwa arudi kwao, na kwao ndipo hapo. Orodha inafungwa Ijumaa hii. Maandishi madogo ya mwisho yanasema marekebisho yatapokelewa tu kwa barua ya mwenye nyumba aliyeorodheshwa, itakayotaja jina kamili la anayestahili. Mwenye nyumba aliyeorodheshwa ni mimi. Jina kamili ndilo nisiloweza kulitaja. Kwa hiyo, kwa heshima, nalalamika kama ifuatavyo.

1. Kwamba mliuliza juu ya kila kiumbe isipokuwa wakwe.

Niliyatafsiri maswali yenu yote, nayakumbuka. Mliuliza kuhusu samaki, vyura, mafunjo na nyuki. Kuhusu korongo peke yake mlikuwa na kurasa tatu: anataga wapi, anapenda nini, atajisikiaje maji yakipanda. Hakuna aliyeombwa kutaja jina la korongo. Mlikuja nalo, tena la Kilatini. Ila jina la Mabukwe mlitaka nilitoe mimi, mtu pekee chini ya turubai lile aliyekatazwa kulitoa.

2. Kwamba fomu yenu haijui mila.

Bwana Mhina hana kosa, Tanga ni mbali. Lakini kwetu mwanamume hatamki jina la mama wa mkewe. Halitamki akiwa naye, halitamki akiwa peke yake bafuni, na wazee wa upande wangu, ambao walitulea kikali ili ng'ambo tusipotee, walifundisha kwamba hata maneno yanayofanana na jina hilo huepukwa mbele yake. Hapo ndipo mimi nilipopata tabu. Jina la Mabukwe limejengwa kwa neno la Kinyarwanda lenye maana ya wema, na neno hilo hatuliepuki kirahisi hapa nchini. Ukiulizwa habari, jibu la kawaida limetoka kwenye ukoo huohuo. Kwa hiyo Mabukwe akinisalimu, tangu nimuoe binti yake, namjibu "Turiho", yaani tupo, tunapumua tu. Chakula chake kitamu nikikimaliza nasema hakina ubaya.

Matokeo yake Mabukwe anaamini nyumba yangu ina matatizo makubwa. Kila mavuno anatutumia gunia la maharage kwa basi. Daftari linasema, 20 Januari: "Gunia limefika. Mama anatuonea huruma. Maharage safi sana." Mnaona basi nilivyojitaabisha kwa ajili ya heshima, halafu fomu inanitaka niiharibu kwa mstari mmoja wa nukta.

3. Kwamba mmenipandisha cheo mtaani.

Picha ile ya Bwana Nduwayo imesafiri kuliko mimi. Mkuu wa mudugudu, yaani mtaa wetu hapa Nyakabanda, ananisalimu kama mwenye mashamba ya mtoni. Leo baada ya misa, Kubwimana, mwenye duka la rangi mkabala na karakana yangu, aliniuliza mbele ya watu kama nitawapangisha samaki. Mteja mmoja amekataa kunipa kochi lake kwa maelezo kwamba tajiri hafanyi kazi kwa bidii. Athari kwa mwenye nyumba, mmeandika, hakuna.

4. Kwamba mmemhamisha Mabukwe kabla maji hayajamhamisha.

Hili ndilo zito, naomba lisomwe taratibu. Kwa mila ileile, mama mkwe haishi nyumbani kwa mkwe wake. Anaweza kuja, akaketi karibu na mlango, akaondoka mchana ungalipo. Sasa kwa karatasi yenu nyumba namba 31 ni yangu. Anayelala humo ni Mabukwe. Kwa hiyo kila usiku, bila kujua na bila kutoka kitandani kwake, mama wa watu anavunja mila. Akiijua orodha hii na akaifuata sawasawa, itabidi akalale nje ya nyumba yake kwa sababu ya heshima yangu. Na mimi siwezi kwenda kumweleza, maana nikifika nitakuwa nimeingia kwangu na kumkuta.

Nimetafuta kwenye muhtasari wa ripoti yenu sehemu inayohusu watu waliohamishwa na maji. Ipo, na ni ndefu. Inayohusu watu waliohamishwa na karani haipo.

5. Kwamba eneo la athari limepimwa vibaya.

Wataalamu wenu wanasema anayeathirika ni mwenye nyumba, pale alipo. Nakubaliana nao. Mwenye nyumba yuko Nyakabanda. Hivyo maji ya bwawa, yakiinuka kule, yatafika hapa kwangu, yapite karakana, yaingie sebuleni ambako tayari sioni pa kuyaficha macho yangu mbele ya mke wangu. Naomba timu ije na vipimo vyake na viti vyake. Nasikia mashauriano haya yanahusu mipaka. Mpaka ulio kati ya mwanamume na mama wa mkewe ulikuwepo kabla ya huu wa nchi zetu mbili, una walinzi wakali zaidi, na hakuna aliyewahi kuuvuka akagongewa mhuri. Juu ya mpaka huo hatujashauriwa.

6. Maombi yangu.

Nimefikiri sana njia ya kutoka. Mchoro wa Mabukwe badala ya jina niliujaribu, lakini nina mkono wa makochi. Nikaona katika familia yupo mtu mmoja asiyefungwa na katazo hili, naye ni Trinah, binti yangu. Bibi yake ni bibi yake, anamwita kwa jina lote na kumtania kwalo. Trinah yuko chekechea. Mpaka sasa anaandika hadi herufi M, bila kuruka. Jina la bibi yake linaanza na herufi iliyo mbele zaidi, na ni refu, na mwalimu wake haamini mambo ya haraka.

Naomba basi, kwa unyenyekevu, ujenzi wa Bwawa la Rwamiko usimamishwe hadi Trinah amalize darasa la pili. Hapo ataandika barua ya marekebisho mwenyewe, nami nitatia saini huku nimefumba macho. Kama nchi mbili haziwezi kusubiri hivyo, naomba ukuta wa bwawa upunguzwe kimo mpaka maji yaishie kwenye parachichi la Mabukwe, upande wa chini. Mti huo mtautambua. Ndio alioketi chini yake korongo wenu wakati mnamhesabu.

Sijamhusisha mke wangu, Ariane, katika jambo hili. Ameniuliza mara mbili naandika nini kwa muda mrefu hivi, nimemjibu ni mambo ya mipaka ya kimataifa. Asisumbuliwe. Ana shughuli zake.

Nawatakia kamati nzima kazi yenye maelewano. Mfikishieni Bwana Mhina salamu zangu, pamoja na dereva wenu aliyenifikisha stendi, mama aliyegawa soda, mkalimani, ambaye natumaini amepona, na wataalamu wa ndege. Korongo naye, akionekana, aambiwe hatuna ugomvi.

Wenu katika kuelewana,

Mugenzi Evariste
Mwenye Nyumba Namba 31 (bila kutaka)

NYONGEZA: Ndugu Katibu, bahasha ilikuwa bado haijafungwa nilipokwenda kuteka maji, na niliporudi Ariane alikuwa amefika kwenye lalamiko la nne. Aliendelea hadi mwisho. Kisha akauliza swali moja, kwamba yeye ni mtoto wa nani.

Nikamweleza kuwa sikutaka kumsumbua. Akasema barua nzima inalia kwamba watu hawakushauriwa, na humu ndani walioshauriwa ni mimi na daftari. Hapohapo akampigia mama yake, akaweka sauti ili wote tusikie, nami nikasimama mlangoni kama inavyotakiwa.

Naleta kwenu yaliyosemwa, kwa kuwa yanabadilisha mengi. Mabukwe anajua Kiswahili. Ameuza parachichi kwenye soko la ng'ambo tangu mimi sijazaliwa. Siku ile alielewa kila neno la Bwana Mhina na kila neno langu, na kitambulisho alikuwa nacho tayari, kimefungwa kwenye pindo la kitenge. Ariane akamuuliza kwa nini basi hakusema jina lake. Akasema, "Mkwe ametoka Kigali kote kule kuja kunisemea. Nimkate kauli mbele ya wageni? Hiyo aibu ningeiweka wapi?" Akaongeza kwamba alidhani nimempa Bwana Mhina jina langu kwa mpango fulani wa watu waliosoma.

Kwa hiyo malalamiko yote, la kwanza hadi la tano, yafuteni. Ombi la sita lifuteni pia, jengeni kwa kimo mnachotaka, na Trinah asome kwa mwendo wake. Mstari unaofuata ni mwandiko wa mke wangu. Mimi nimegeukia ukutani.

*Nyumba namba 31 ni ya mama yangu, UWINEZA Épiphanie. Anaishi humo. Anataka nyumba ya kilimani iliyo karibu na ya Nduwayo, ila isiwe karibu sana. Ariane, binti yake.*

Nimegeuka tena. Bahasha inaondoka kesho na basi la kwanza, itawafikia kabla ya Ijumaa. Limebaki jambo moja tu. Kabla ya kukata simu, Ariane alimweleza mama yake kwa nini miaka yote hii namjibu "Turiho". Mabukwe alicheka mpaka salio likaisha. Baadaye kidogo ametuma ujumbe kwamba amefurahi mno kusikia hatuna shida yoyote, na kwa hiyo gunia la maharage la mavuno yajayo atampelekea mtu mwenye uhitaji.

Hasara hiyo naomba iingizwe kwenye ripoti, upande wa athari za kijamii, Kigali.